Kabla ya Kumgombeza Mtoto, Tazama Kebo

Mama mpendwa, je, umewahi kumwadhibu mtoto kwa kosa la waya? Sisi tulifanya hivyo mwaka 2023.

Binti yetu alikuwa anasoma uhasibu kwa njia ya intaneti. Ruta ilikaa sebuleni, na kebo ilipita kando ya ukuta, ikavuka kizingiti cha mlango wa chumba chake hadi kwenye kompyuta. Mwalimu akapiga simu: binti anaingia darasani na kutoka, anaingia na kutoka. Baba watoto akasema anatazama filamu. Tulimgombeza mbele ya wadogo zake, naye akalia akisema ni mtandao. Hatukumsadiki. Baadaye tulinunua ruta mpya, na ugonjwa ukabaki palepale.

Sisi wauguzi hatutoi dawa kabla ya kuuliza maumivu yanaanza lini. Nyumbani tulisahau. Aliyeuliza ni kijana wa kwaya, fundi wa mitandao: "Mama, inakatika wakati gani?" Binti akajibu kabla yetu, "Mtu akifungua mlango."

Kijana hakufungua chombo chochote. Aliiweka kompyuta kando ya ruta, akaiunganisha kwa kebo fupi ambayo alijua ni nzima. Tukangoja robo saa, haikukatika. Basi ruta na kompyuta hazikuwa na kosa. Akairudisha ile kebo ndefu, akatuonyesha taa ndogo ya tundu ilipochomekwa: ikiwaka, vyombo vya ncha mbili vinasikilizana. Mdogo wake binti akafungua mlango taratibu. Taa ikazimika. Akaufunga, ikawaka.

Ndani ya kebo hiyo mna nyaya 8 nyembamba, zimesokotwa mbili mbili. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumika jozi 2 tu. Kwa megabiti 1000 zinahitajika zote 4. Ndiyo maana kebo iliyokatika waya mmoja yaweza kuendelea kufanya kazi, ila polepole, nanyi mkadhani kampuni inawapunja. Yetu ilikuwa imepondwa na mlango, nyaya zikawa zinagusana na kuachana.

Tulitaka kuifunga kwa utepe, kijana akakataa. Alivuta nyingine juu ya mlango, mbali na nyaya za umeme, kwa sababu zikienda sambamba umeme huweza kuvuruga mawasiliano. Vichwa alivibana kwa koleo lake, rangi za nyaya zikifuata mpango uleule ncha zote mbili, kisha akapima kwa kifaa chenye taa 8, moja kwa kila waya.

Koleo hilo si lazima ulinunue. Lakini mama yeyote anaweza kuchomoa kebo na kuichomeka tena mpaka isikike "tiki", kuihamishia tundu jingine, au kuazima kebo nzima kwa jirani na kujaribu. Tazama ule ulimi mdogo wa plastiki kichwani. Ukivunjika, kebo hulegea hata kwa kufagia tu. Angalia pia meno ya panya, na mahali ambapo kitanda au kabati limeikalia.

Ruta ile mpya bado imo kabatini. Binti tulimwomba radhi jioni ileile, mbele ya wadogo zake.