Jina la Mfinyanzi

Wajukuu zangu, sogeeni. Kabla sijaanza, mmoja wenu ainame pale kando ya mfereji, achote konzi ya udongo. Uminye. Sasa fungua mkono. Umeona? Alama za vidole zimebaki. Mchanga wa ufukweni ukiuminya unamwagika, lakini udongo wa mfinyanzi una kumbukumbu. Kila unachoutendea unakishika.

Nilipokuwa mdogo kama ninyi, hapa Uvira, mama mmoja alikuwa akishuka kutoka milimani siku za soko na mzigo wa vyungu uliofungwa kwa kamba na majani makavu. Alikuwa wa Batwa. Tangu zamani, huku Kivu na ng'ambo Burundi na Rwanda, Batwa ndio waliowafinyangia majirani zao vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na ya pombe. Maharage ya kwetu yaliiva katika chungu chake, juu ya mafiga matatu, na hadi leo sijala maharage matamu kama yale. Lakini alipoomba maji ya kunywa, alipewa katika kibuyu kilichotengwa, ambacho mtu mwingine hakukinywea. Tuliupenda mkono wake ulipokuwa umeacha chungu, tukaukataa ulipotaka kupokea maji. Na jina lake hatukuliuliza.

Aibu ile bado ninayo. Ndiyo maana leo nawasimulia habari za mzee mmoja wa Japani.

Aliitwa Hamada Shoji, alizaliwa mwaka 1894. Alisoma chuoni Tokyo. Mwaka 1920 akapanda meli hadi Uingereza pamoja na rafiki yake Bernard Leach, Mwingereza aliyejifunza ufinyanzi huko Japani, wakajenga tanuri katika mji wa pwani uitwao St Ives. Mtu aliyesoma na kusafiri hivyo, mngedhani akirudi kwao atafungua duka katika jiji kubwa. Yeye alikwenda kuishi Mashiko, mahali ambapo watu walifinyanga vyombo vya jikoni: mitungi ya maji, mabuli ya chai, mabakuli ya kusagia. Akakaa hapo maisha yake yote.

Sikilizeni alivyofanya kazi. Udongo aliuchimba pale pale. Jiwe la pale pale alilisaga likawa unga wa kupaka vyombo. Na maganda ya mpunga, kama yale yanayorundikana kando ya mashine za kukoboa huko uwanda wa Ruzizi, yeye hakuyatupa. Aliyachoma, akachanganya majivu yake na maji na unga wa mawe, akavipaka vyombo. Katika moto mkali mchanganyiko huo huyeyuka, ukawa ngozi ya kioo nyeupe isiyopitisha maji. Tanuri lake lilijengwa mteremkoni, vyumba vikipandana kama ngazi. Kuni zikiwashwa chini, moto hupanda chumba hadi chumba.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwona akimwaga rangi kwa kata juu ya sinia kubwa. Sekunde 15 tu, kazi imekwisha. Akamuuliza mbona kitu kizuri namna ile kinamalizwa haraka hivyo. Hamada akamwambia asihesabu sekunde 15 peke yake, aongeze na miaka 60.

Tena, vyombo alivyofinyanga Mashiko hakuvitia sahihi. Yeye na rafiki zake, Yanagi Soetsu na Kawai Kanjiro, waliwaheshimu mno wafinyanzi wa vijijini ambao hakuna aliyeandika majina yao. Walizunguka wakikusanya bakuli zao na mitungi yao, na mwaka 1936 Yanagi akafungua jumba la makumbusho Tokyo la kuvihifadhi vyombo hivyo. Mwaka 1955 serikali ya Japani ikamtangaza Hamada kuwa miongoni mwa watu ambao ujuzi wao ni hazina ya taifa. Sisi tumezoea kusikia hazina tukafikiri dhahabu iliyo chini ya milima yetu. Wajapani waliiona hazina katika mikono ya mtu anayejua udongo.

Sasa uzi huu unafika Afrika. Leach alikuwa na mwanafunzi, Michael Cardew, ambaye miaka ya 1950 alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria. Katika nyumba ya emir wa Abuja alikuta mitungi iliyomshangaza, kazi ya mwanamke wa kijiji cha Kwali, aliyefundishwa na shangazi yake. Jina lake Ladi Kwali. Mwaka 1954 akajiunga na kituo, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ishirini baada ya Ladi kujiunga, akaja kujifunza pale binti wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950.

Odundo hatumii gurudumu la kufinyangia. Huanza na donge, huinua kuta kwa mikono, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, hupaka udongo mwororo, kisha husugua hadi mtungi ung'ae. Akiuchoma katika moto wenye hewa ya kutosha, chuma kilichomo udongoni huwa na rangi ya kutu, na mtungi hutoka mwekundu. Akiurudisha motoni na kuibana hewa, hutoka mweusi. Udongo ni ule ule, kilichobadilika ni pumzi ya moto. Mitungi yake iko British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame.

Niambieni sasa: kipande cha kibuyu, jiwe la kusugulia, donge linaloinuliwa kwa mikono mitupu, ni nani mwingine afanyaye hivyo? Ni yule mama wa vyungu. Kazi yake na kazi iliyofika makumbusho ni ndugu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, kwa sababu vyungu vizima huwapa wengine. Siku hizi hata hilo gae linapungua. Sufuria na madumu ya plastiki yameshika soko, na mabonde mengi yaliyotoa udongo yamekuwa mashamba. Ujuzi huu nao ni wa kale sana katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya zaidi ya miaka 2,000 vyenye kishimo kitakoni, kama mtu aliyebonyeza kwa kidole gumba. Jina la aliyebonyeza limepotea. Kishimo kipo.

Udongo uwahi ungali maji, wajukuu zangu. Mkimkuta mama anauza vyungu sokoni, msianze na bei. Mwamkieni, mpeni maji katika kikombe mnachonywea ninyi, mwulizeni anaitwa nani na udongo wake anauchimba wapi. Mkirudi, mniletee jina hilo. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza kila siku ya soko, na sikuuliza.