Filamu Zinazomfikia Mama Yangu

Mama yangu hasomi maandishi yanayopita chini ya skrini. Macho anayo, tena shambani anamwona ndege kwenye mpunga kabla mimi sijamsikia, lakini shule hakupelekwa, na Kiingereza kwake ni kelele tu. Anaishi kwangu hapa Viwanja Sitini, Ifakara, tangu tulipomhamisha kutoka Mngeta, na jioni umeme ukiwepo anakaa mkekani na wajukuu zake mbele ya televisheni. Kwa hiyo walimu wenzangu wanaponiuliza filamu gani inastahili bando, naanza kumfikiria yeye: mama ataifuata bila mimi kumtafsiria kila sentensi?

Kipimo hicho kinafagia vingi. Sizoni za Kikorea zinaondoka, muvi za Marekani zinaondoka, na mambo mengi yanayosifiwa na vijana yanaondoka nazo. Kinachobaki hakitoshi kujaza mwaka mzima, ila nakipenda kuliko vyote nilivyoviacha, kwa sababu mtu anayesikia lugha yake haishii kutazama. Anabishana na picha, anawaonya wahusika, anawatukana wabaya, na sebule nzima inachangamka.

Watu wetu walilijua hilo zamani, kwenye vibanda umiza. Unatoa hela kidogo, unabanwa kwenye benchi, muvi ya Hong Kong au ya Kihindi inachezwa, na juu yake inapita sauti ya Lufufu. Jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, na ni miongoni mwa waliofungua njia ya kusimulia muvi za kigeni kwa Kiswahili nchini kwetu. Akina DJ Mack wakafuata; Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wanaye VJ Jingo. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza nani ni nani, wanampa mhusika jina ambalo mtaa utalikumbuka, wanakukumbusha kwamba huyu mwenye kofia ndiye aliyeua kaka mtu. Wapo wanaoidharau kazi hiyo. Mimi nafundisha lugha, na naiona kuwa fasihi simulizi iliyopata spika na jenereta.

Ndiyo maana filamu ya kwanza ninayoitaja siku zote ni *Supa Modo* ya Kenya, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutoka mwaka 2018. Jo ni binti wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake amemtoa hospitali ili siku zilizobaki aziishi nyumbani. Anachopenda ni filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Pale kijijini yupo Mike, mwonyeshaji wa filamu, msimulizi wa aina ile ile tuliyokua nayo sisi. Dada yake Jo anawashawishi wanakijiji, kisha kijiji kizima kinaamua kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Lugha ni Kiswahili kilichochanganyika na Kikikuyu na Kiingereza, lakini mama hakuniuliza chochote. Aliuliza mara moja tu, akimnong'oneza mjukuu wake mkubwa, "Mume wangu, huyu mtoto atapona?" Mjukuu alikuwa ameshaitazama, akanyamaza. Wekeni leso karibu. Watoto nao wanaiweza, mradi mtu mzima akae nao hadi mwisho.

Kwa wenye vijana wa kidato cha tano na sita, *Vuta N'Kuvute* haina mpinzani. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa 1999 na tunaifundisha darasani. Filamu yake iliongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anatoroka na kupokewa na Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Halafu anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba filamu imeacha mambo mengi ya kitabu, na ni kweli. Lakini kitabu hakiwezi kukuonyesha ule mwanga wa taa ya chemli kwenye kuta za Ng'ambo, wala namna Mwajuma anavyomkaribisha mgeni kana kwamba nyumba ina nafasi tele. Shivji haharakishi. Anaiacha kamera ikae juu ya uso wa mtu anayewaza, na anayetaka mambo yaende mbio atachoka. Mimi nasema avumilie, kwa sababu Kiswahili kinachosemwa humo ni kitamu na hakuna mtu anayepiga kelele ili ionekane anaigiza.

Hilo la kelele ndilo lililonitenga na bongo muvi nyingi. Sauti inapasuka, muziki unafunika maneno, na hadithi ya saa moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Simjumuishi humo Mzee Majuto. Amri Athuman alifariki Agosti 2018, lakini vichekesho vyake vimejaa YouTube, na mama akimwona tu anaingia anaanza kucheka kabla mzee hajafungua mdomo.

Ukitaka mfululizo wa nyumbani wenye sauti safi na uigizaji wa watu wazima, tafuta *Siri ya Mtungi*. Ulitengenezwa na shirika la MFDI kuanzia 2012, mandhari ni Bagamoyo, na mhusika wetu ni Cheche, mpiga picha mwenye studio, mwenye mke na mwenye matamanio. Ulikusudiwa kuelimisha juu ya Ukimwi na uzazi wa mpango, ila hautoi hotuba. Elimu imefichwa ndani ya tamaa na aibu za watu unaowajua. Vipindi viko YouTube bila malipo. Watoto wadogo walale kwanza. *Binti* ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, nayo ni ya watu wazima: wanawake wanne wa Dar es Salaam, ndoa zao, vipigo, uzazi. Ilipoingia Netflix ilitangazwa kuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kufika huko. Ni nzuri, ingawa nyumba zake ni za kitajiri kuliko nyumba nyingi tunazozijua sisi huku.

Makala za kweli ndizo ninazozipenda zaidi, na hapo ndipo nitakapokaa.

*The Letter* ilitengenezwa na Maia Lekow na mwenzake Christopher King, ikatoka 2019. Jina ni la Kiingereza, lakini watu wa ndani yake ni wa Kilifi, pwani ya Kenya, na Kiswahili chao mama anakielewa bila msaada. Karisa ni kijana anayefanya maisha mjini. Anaona kwenye Facebook kwamba bibi yake, ajuza wa zaidi ya miaka tisini, anaitwa mchawi. Anarudi kijijini kuuliza nini kinaendelea. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna msimulizi wa kukuambia ufikiri nini. Unamwona bibi akilima kwa jembe lake, mgongo umepinda, mikono bado ina kasi. Unawaona watoto na wajukuu wakigawanyika, wengine wakimtetea, wengine wakitaka dini imtakase, na taratibu unagundua kinachogombaniwa ni ardhi. Wazee wakiondoka, shamba linabaki.

Tuliitazama kimya kimya. Bonde hili la Kilombero ni la mpunga, heka ina thamani, na hakuna ukoo usio na shauri la mpaka. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wakati kilichoyafanya mekundu ni moshi wa jikoni wa miaka sitini. Filamu ilipokwisha mama alisema, "Huyo bibi wamemwonea. Jembe analishika yeye, uchawi ataufanya saa ngapi?" Kisha akaanza kutueleza habari za shamba lake la Mngeta, nani alilifyeka, nani alikopeshwa kipande na hakurudisha, mambo ambayo mimi mtoto wake nilikuwa sijawahi kuyasikia. Saa moja na nusu ya filamu ilizaa mazungumzo hadi usiku mkubwa. Ukitazama moja tu kati ya hizi nilizozitaja, iwe hii, na mzee wa nyumba awepo.

Kwa upande wa vizee wasioonewa, ipo *As Old As My Tongue* ya Andy Jones, ya 2006, juu ya Bi Kidude wa Zanzibar. Mama alimpenda papo hapo. Alimwona mwanamke mzee anavuta sigara hadharani, anapiga ngoma, anasafiri Ulaya kuimba, halafu anarudi nyumbani kufunda wali wa unyago. Unyago mama anaujua, kwa hiyo kuna mahali alicheka peke yake na akakataa kutuambia kwa nini. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Ndani ya filamu hii anaongea kwa sauti yake mwenyewe, bila kumwogopa mtu.

*Virunga*, ya mwaka 2014 na iliyoko Netflix, ina Kifaransa na Kiingereza kingi, na humo ilibidi nimsimulie. Lakini askari wa hifadhi wakianza Kiswahili cha Kongo, mama alikuwa anainua mkono ili ninyamaze. Inahusu hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo, waasi wa M23 walioiteka Goma mwaka 2012, na kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiinyemelea ardhi ya hifadhi. Kiini chake kwangu ni André Bauma, mlezi wa sokwe wakubwa waliobaki yatima. Milio ya mizinga inasikika, na yeye hatoki. Anabaki na wanyama wake. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa 2007 akiwa mchanga, amening'inia kwenye maiti ya mama yake. Alikufa Septemba 2021 mikononi mwa Bauma huyo huyo. Sisi tunaoiona milima ya Udzungwa kila asubuhi, hifadhi ya taifa tangu 1992, yenye nyani wa Sanje ambao sayansi iliwatambua 1979 tu, tuna sababu ya kumtazama askari wa hifadhi kwa jicho jingine baada ya filamu hiyo. *The Ivory Game* ya 2016 inafaa kuifuata. Sehemu yake kubwa ni msako wa majangili hapa Tanzania, na inatuhusu kwa karibu: katika mfumo wa Selous na Mikumi, jirani zetu, tembo walihesabiwa kama 39,000 mwaka 2009, na 2013 wakabaki kama 13,000.

Mkulima atazame *Thank You for the Rain* ya 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akajirekodi yeye na familia yake kwa miaka. Ukame, kisha dhoruba inayobomoa nyumba yake, kisha mikutano ya kuwashawishi majirani wapande miti, hadi mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Kisilu ni Mkamba, kwa hiyo sehemu nyingi nilimsomea mama. Aliposikia mvua imechelewa hakuhitaji tafsiri tena.

Sasa bando. Filamu hizi huhama kutoka huduma moja kwenda nyingine, kwa hiyo tafuta kwa jina, na anza na YouTube. Netflix kwenye simu ukiiweka ubora wa chini kabisa inakula kama MB 300 kwa saa. Ukiiacha kwenye ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa hiyo hiyo. Kwenye YouTube, 360p inatosha kabisa kwa skrini ya simu. Pakua usiku, mtandao ukiwa mwepesi na bando la usiku likiwa rahisi, kisha tazama wakati wowote. Huu ndio ujanja wa familia zinazohamia mashambani msimu wa kuamia ndege: simu inachajiwa kwa sola, filamu zimeshapakuliwa ndani ya programu, na jioni watu wanajikusanya chini ya dungu. Kitu kimoja cha kununua ni kaspika kadogo. Mzee asiyesoma anategemea sikio, na spika ya simu inammezea maneno nusu.

Kuna filamu moja ya bonde letu ambayo ningeitazama kesho kama ingekuwepo kamili kwa Kiswahili: ya vyura wa Kihansi. Mto Kihansi unaporomoka kutoka Udzungwa kuingia bonde la Kilombero, na pale kwenye manyunyu ya maporomoko, mnamo 1996, waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu wanaozaa badala ya kutaga mayai, na ambao hawapatikani kwingine duniani. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ya megawati 180 ilikuwa imeanza kazi, maji mengi yakaelekezwa huko, na manyunyu yakapungua. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko. Vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 watoto wa watoto wao wakarudishwa Kihansi.

Umeme wa Kihansi unaingia gridi ya taifa, ndiyo inayowasha televisheni zetu. Mwenye kamera aje mapema: wahandisi walioijenga mitambo, watafiti waliowabeba wale vyura na wanakijiji walioyaona maporomoko yakipungua wapo ambao bado wanaweza kuhojiwa, na wengi wao wataeleza kwa Kiswahili kila kitu walichokiona.