Utengaji na Uachiliaji wa Kumbukumbu katika Lugha za Programu

Makala haya yanafafanua namna lugha za programu zinavyotenga na kuachilia kumbukumbu ya kompyuta. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, jukumu hilo humwangukia mtunzi wa programu: huomba nafasi kwa amri ya malloc na kuirejesha kwa free. Akisahau kuirejesha, kumbukumbu huzidi kupungua hadi programu ikwame. Akiendelea kuitumia baada ya kuirejesha, huweza kuharibu data nyingine na kumfungulia mdukuzi mlango.

Mwaka 1960, John McCarthy alieleza njia tofauti katika Lisp: mfumo wenyewe hutia alama data ambazo programu bado inaweza kuzifikia, kisha huachilia zilizosalia. Hata hivyo, kazi hiyo hutumia muda wa kichakataji na huweza kusimamisha programu kwa kitambo.

Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2015, humpa kila data mmiliki mmoja. Muda wa mmiliki unapokwisha, nafasi huachiliwa. Kanuni hiyo hukaguliwa kabla programu haijaendeshwa.

Hivyo, anayechagua lugha huchagua pia nani atabeba mzigo huo, na wakati gani.