Tangi la pili la mafuta: Piga hesabu kabla ya kulifunga

GAIRO, mji ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, ndiko unakoshukia mzigo wa mahindi, maharage na viazi kutoka vijiji vya milimani, ikiwamo Nongwe. Gari linalofuata mzigo huo likiacha lami linaacha na vituo vya mafuta. Huko juu mafuta huuzwa kwenye madumu na chupa, kwa bei ya muuzaji, na mara nyingine yakiwa yamechanganyika na maji au vumbi.

Kwa sababu hiyo wapo wanaobeba dumu la akiba ndani ya gari, pamoja na abiria. Wapo pia wanaompelekea fundi gari ili alifunge tangi la pili. Njia hii ya pili ni bora zaidi, lakini ikifanywa ovyo humgharimu mwenye gari pampu, nozeli, na hata gari lenyewe.

Je, unalihitaji?

Si kila gari linahitaji tangi la pili. Land Cruiser pick-up ya HZJ79 inayotoka kiwandani na tangi la lita 130, hata ikitumia lita moja kwa kilomita 5 milimani, inaweza kwenda kilomita 650. Mwenye gari hilo akiongeza tangi anapunguza mzigo bure.

Hali ni tofauti kwa Land Rover 109 pick-up yenye tangi la lita 45 chini ya kiti. Kwa kilomita 5 kwa lita, mafuta hayo yanaishia kilomita 225. Safari ya kilomita 300 kwenda na kurudi inahitaji lita 60, hivyo zinapungua lita 15. Bahati nzuri gari hilo liliundwa likiwa na nafasi ya tangi jingine chini ya kiti cha upande wa pili, kwa hiyo fundi hana haja ya kukata bodi.

Uzito nao una gharama. Tangi la sentimita 80 kwa 50 kwa 25 linachukua lita 100. Dizeli hiyo ina kilo kama 84, na chuma cha unene wa milimita 2 kinaongeza kama kilo 25. Jumla inazidi gunia la mahindi la kilo 100, ambalo mfanyabiashara angelipwa kulisafirisha.

Mabati hayafai

Kosa kubwa ni kutengeneza tangi la dizeli kwa bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikikutana na dizeli hutoa uchafu mzito unaoziba chujio na kuharibu nozeli. Mabomba ya shaba nayo hayafai. Tumia chuma cheusi, alumini au chuma kisichoshika kutu.

Ndani ya tangi kubwa ziwekwe sahani za kugawa nafasi, zenye matundu, ili mafuta yasiyumbe kwa nguvu gari linapopanda na kushuka. Tangi lisichomelewe moja kwa moja kwenye chesesi, kwa kuwa chesesi hujipinda kwenye mashimo na kupasua viungio. Lifungwe kwa mikanda ya chuma yenye mpira, mbali na ekzosi.

Mafuta yanayorudi

Injini ya dizeli haichomi mafuta yote inayovuta. Sehemu yake hurudi kwenye tangi. Fundi akiweka valvu inayobadilisha njia ya kwenda tu, gari litavuta kutoka tangi la pili na kurudisha kwenye la kwanza, ambalo likijaa litamwaga mafuta barabarani. Valvu inayofaa ni ile inayobadilisha njia zote mbili kwa pamoja. Njia nyingine rahisi ni kutumia pampu ndogo ya umeme wa volti 12 inayohamisha mafuta kwenda tangi kuu.

Kila tangi liwe na bomba la kupumulia lililoinuliwa juu ili maji ya mtoni yasiingie. Pia lisijazwe hadi mdomoni. Lita 100 za dizeli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu.

Tahadhari ya moto

Wakazi wa Morogoro wanaujua moto wa mafuta. Agosti 10, 2019, lori la petroli lililopinduka eneo la Msamvu lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi, hivyo isibebwe pamoja na abiria. Tangi lililowahi kuwekwa mafuta lisichomelewe hata kama linaonekana kavu, maana mvuke uliobaki unatosha kulilipua.

Wenye magari wanashauriwa kutafuta fundi aliyepitia mafunzo ya VETA au mwenye kazi inayoonekana, kulijaribu tangi jipya kwa upepo kidogo na povu la sabuni kabla ya kutia mafuta, na kuijulisha kampuni ya bima.

Kabla ya yote, andika kwenye daftari kilomita na lita za kila safari kwa miezi miwili. Ikiwa gari halikununua mafuta ya dumu hata mara moja, fedha ya tangi inunue matairi.