Maji, Udongo na Kasi: Changamoto za Kuandaa na Kutunza Uwanja wa Mbio za Spidiwei katika Mazingira ya Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua changamoto za kuandaa na kutunza uwanja wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki katika uwanja mfupi wa udongo wenye umbo la duaradufu, kwa kuzingatia mazingira ya Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Hayaelezi uwanja uliokwisha kujengwa. Yanaeleza masharti ambayo udongo, mvua na upatikanaji wa maji katika maeneo hayo huyaweka mbele ya uwanja wowote wa aina hiyo. Hoja ya msingi ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani kwanza na mashine wala na kasi, bali na unyevu. Kwa kuwa unyevu ni maji, na maji ya Handeni yana wadai wengi, swali la kiufundi hugeuka kuwa swali la haki katika mgawanyo wa rasilimali.

1.0 Utangulizi

Historia ya spidiwei huhusishwa na mji wa West Maitland nchini Australia, ambako mbio za aina hii ziliendeshwa Desemba 1923. Uingereza iliupokea mchezo huu kwa kishindo kuanzia Februari 1928 katika uwanja wa High Beech, na mwaka 1936 fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika Wembley, London. Kwa kawaida waendeshaji wanne huzunguka uwanja mara nne, wakielekea kushoto, kwa pikipiki za sentimita za ujazo 500 zinazotumia methanoli. Pikipiki hizo hazina breki. Mwendeshaji hupita kwenye kona kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze, huku akidhibiti mtelezo huo kwa mafuta na kwa uzito wa mwili wake.

Sifa hiyo ya kukosa breki ndiyo inayoupa udongo uzito wa pekee. Katika mchezo huu, uso wa uwanja ndio unaoshika, ndio unaoachia, na ndio unaopunguza mwendo. Sehemu moja ikiwa kavu na inayofuata ikiwa na tope, mwendeshaji hana chombo kingine cha kumwokoa. Kwa mantiki hiyo, mtunzaji wa uwanja ni mlinzi wa uhai kabla ya kuwa fundi.

2.0 Funzo la Barabara za Udongo

Ukanda huu si mgeni wa mbio za magari juu ya udongo. Mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na baadaye kujulikana kama Safari ya Afrika Mashariki, yalivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zake za upande wa Tanganyika zilifika katika milima ya Usambara, ambayo mji wa Korogwe umekaa chini yake. Kwa kuwa yalifanyika wakati wa Pasaka, mara nyingi yaliangukia masika. Katika mashindano ya mwaka 1963 na yale ya 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Tukio hilo husimuliwa zaidi kama sifa ya madereva. Hata hivyo, kwa mtafiti wa nyuso za udongo lina funzo jingine: barabara ileile inayobeba gari salama mwezi Januari huweza kuligeuza tope mwezi Aprili. Safari ilikubali tofauti hiyo kama sehemu ya mchezo. Spidiwei haiwezi kuikubali, kwa sababu uwanja wake unatakiwa kuwa na hali ileile katika mzunguko wa kwanza na wa nne, na kwa mwendeshaji wa ndani na wa nje. Njia ya mashindano ya masafa marefu huchaguliwa. Uwanja wa spidiwei hutengenezwa.

3.0 Udongo: Uchaguzi na Matabaka

Uwanja wa spidiwei huwa na matabaka matatu. La chini ni ardhi asilia iliyosawazishwa na kushindiliwa. La kati ni msingi wa changarawe au kifusi kigumu unaobeba mzigo na kupitisha maji. La juu ni uso wa mbio, mchanganyiko wa chembe ngumu ndogo na udongo wa mfinyanzi unaozishikamanisha. Mfinyanzi ukipungua, uso hugeuka vumbi na kuchimbika. Ukizidi, huteleza ukilowa na kupasuka ukikauka.

Katika Handeni na Korogwe, hatua ya kwanza ni kutenganisha aina mbili za udongo. Udongo mwekundu wa miinuko, uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya kale, hushindilika vizuri na huweza kuwa kiini cha tabaka la juu. Udongo mweusi wa mbuga, unaokaa katika tambarare na mabonde yasiyopitisha maji vizuri, huvimba ukilowa na kufanya nyufa ukikauka. Ardhi tambarare ya mbugani huvutia kwa sababu haihitaji kuchongwa sana, lakini gharama iliyookolewa siku ya kuanza hulipwa kila msimu. Uwanja uliojengwa juu yake bila kuuondoa udongo huo utapinda na kupasuka hata kama tabaka la juu ni bora.

Uchunguzi wa awali hauhitaji maabara kubwa. Udongo uliotikiswa ndani ya chupa ya maji na kuachwa utulie hujipanga wenyewe: mchanga chini, kisha chembe laini, na mfinyanzi juu. Udongo wenye unyevu ukifinyangwa kuwa kamba nyembamba bila kukatika, mfinyanzi wake ni mwingi. Vipimo hivi havichukui nafasi ya vipimo vya kihandisi, lakini humwepusha mjenzi na gharama ya kusomba malori ya kifusi kisichofaa.

Aidha, ujuzi wa wenyeji una nafasi yake. Udongo wa kichuguu hutumika katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kufyatulia matofali na kutengenezea sakafu, kwa kuwa mchwa huchagua chembe laini na kuzigandisha. Nchini Australia udongo wa namna hiyo umetumika kutengenezea viwanja vya tenisi. Ukichanganywa kwa kiasi na changarawe laini, unaweza kusaidia kushikamanisha uso wa mbio. Tahadhari inayohitajika ni kwamba vichuguu ni sehemu ya uhai wa ardhi, hivyo kuvibomoa vyote katika eneo moja ni kuhamisha hasara kutoka uwanjani kwenda shambani.

4.0 Maji: Kiini cha Changamoto

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa hesabu rahisi. Uwanja wenye mzunguko wa mita 300 na upana wa wastani wa mita 12 una eneo la mita za mraba 3,600. Tabaka la juu lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 360. Ikichukuliwa kwamba kila mita ya ujazo ina tani 1.8 za udongo mkavu, jumla ni tani 648. Kuongeza unyevu wa udongo huo kwa asilimia 5 ya uzito wake, ili ufikie hali ya kushindilika, kunahitaji takribani lita 32,400 za maji, sawa na ndoo 1,620 za lita 20. Hayo ni maji ya ujenzi peke yake.

Baada ya hapo huja umwagiliaji wa kila mara. Lita 2 kwa kila mita ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 2 tu, lakini kwa uwanja mzima ni lita 7,200, yaani ndoo 360. Kaya inayotumia ndoo tano kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa siku 72. Siku ya mashindano yenye jua kali, umwagiliaji wa namna hiyo huhitajika zaidi ya mara moja.

Ni hapa ambapo jiografia ya maeneo haya mawili inakuwa na maana. Korogwe imepitiwa na Mto Pangani. Handeni iko juu zaidi na kwa miaka mingi imejulikana kwa uhaba wa maji. Mradi mkubwa uliojengwa katika miaka ya 1970, maarufu kwa kifupi cha HTM, ulikusudiwa kuyasukuma maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Mto huohuo hunywesha mashamba na huzalisha umeme, ikiwa ni pamoja na katika kituo cha Hale. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutanguliza mahitaji ya nyumbani na ya mazingira kabla ya matumizi mengine, na matumizi ya maji ya bonde hilo husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Hivyo basi, uwanja unaomwagiliwa kwa maji ya bomba huku mama akipanga foleni kisimani hauna uhalali wa kijamii, hata kama una kibali.

Njia inayoelekea kukidhi pande zote mbili ni uwanja kujikusanyia maji yake. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya mita za mraba 3,600 huleta lita 72,000. Nusu yake ikielekezwa katika lambo, hupatikana lita 36,000, zinazotosha umwagiliaji wa mara tano kabla ya kutoa hesabu ya yanayopotea kwa jua na kwa kuzama ardhini. Eneo la katikati ya uwanja na paa la jukwaa vikiongezwa, akiba hukua. Kwa sababu hiyo, mfereji na lambo havistahili kuwekwa mwishoni mwa mpango wa ujenzi kama nyongeza. Vinatakiwa kuchorwa pamoja na kona za uwanja. Mfereji huohuo unaovuna maji ndio unaouokoa uso wa mbio wakati wa masika, kwa kuwa maji yasiyoelekezwa hujichongea korongo lake.

5.0 Utunzaji Kabla, Wakati na Baada ya Mbio

Mashindano yenye mbio 20, kila moja ikiwa na waendeshaji wanne na mizunguko minne, huufanya uso wa uwanja upitiwe mara 320. Kila gurudumu linaloteleza huurusha udongo kuelekea ukingo wa nje. Baada ya mbio chache, njia ya ndani hubaki ngumu na laini kama sakafu, ilhali ya nje huwa na rundo la udongo mwepesi. Mashimo hujitokeza hasa pale mwendeshaji anapoingia kwenye kona na pale anapoongeza mafuta kutoka.

Kazi ya mtunzaji ni kuurudisha udongo ndani, kuusawazisha na kuulowesha baada ya kila mbio chache. Greda hufaa kwa maandalizi makubwa, lakini katikati ya mashindano trekta lenye bapa la kusawazishia, au linalokokota fremu nzito ya chuma, ni jepesi na la haraka zaidi. Katika ukanda wenye historia ndefu ya mashamba ya mkonge, matrekta na mafundi wake si jambo geni.

Umwagiliaji una kanuni zake. Maji mengi ya jioni iliyotangulia huzama na kukaa; maji mengi ya dakika ya mwisho hubaki juu na kufanya utelezi. Boza lenye bomba refu la matundu hunyunyiza kwa usawa kuliko mpira wa kushika mkononi, ambao huchimba sehemu moja na kuiacha nyingine. Mashindano yanafaa kupangwa jua linapopungua, kwa kuwa saa inayochaguliwa huokoa maji kuliko kifaa chochote.

Baada ya mashindano, uwanja haufai kuachwa ulivyo hadi msimu ujao. Udongo urudishwe ndani, ushindiliwe, na mifereji izibuliwe kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika uwanja wa udongo, methali hiyo ni maelezo halisi ya jinsi mtaro mdogo unavyokuwa bonde baada ya mvua moja.

6.0 Vumbi na Njia za Mkato

Vumbi huwanyima waendeshaji uwezo wa kuona, huingia katika mapafu ya watazamaji na kutua katika nyumba za jirani. Chembe laini zenye silika zina madhara ya muda mrefu kwa mtu anayezivuta mara kwa mara, na anayezivuta zaidi ni mtunzaji mwenyewe.

Uhaba wa maji huleta kishawishi cha kumwaga oili chafu ili kutuliza vumbi. Mji wa Times Beach nchini Marekani ni onyo la kutosha. Barabara zake zilinyunyiziwa oili chafu katika miaka ya 1970. Baadaye ilibainika kwamba oili hiyo ilichanganywa na taka zenye dioksini, na kufikia mwaka 1983 serikali iliamua kuwahamisha wakazi. Hata pasipo sumu ya kiwango hicho, oili iliyomwagwa juu ya mteremko hufuata maji ya mvua hadi kwenye lambo, kisima na mto. Molasi iliyozimuliwa kwa maji, ambayo ni zao la pembeni la viwanda vya sukari, hutumika kutuliza vumbi la barabara na ni salama zaidi. Hata hivyo, huoshwa na mvua na hutakiwa kurudiwa, hivyo hufaa zaidi katika maegesho na njia za watazamaji kuliko katika uso wa mbio.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba uwanja wa spidiwei ni mfumo wa udongo na maji unaohitaji kusawazishwa upya kila siku, si jengo linalokamilika na kuachwa. Udongo unaofaa unapatikana katika ukanda wa Handeni na Korogwe, iwapo udongo wa mbuga utaepukwa. Kinachoamua ni maji. Mpango wowote wa uwanja wa aina hiyo unapaswa kupimwa kwa swali moja kabla ya kujadiliwa kwa majukwaa na mashine: je, uwanja huu utalowa kwa maji uliyoyavuna wenyewe, au kwa maji yaliyotolewa katika ndoo ya jirani? Jibu likiwa la kwanza, mchezo na jamii vinaweza kuishi pamoja. Likiwa la pili, ni bora pikipiki zisubiri.