Kumtembelea Ndugu Diepsloot
Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka, hivyo kumwona ndugu aliyehamia Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, kumekuwa rahisi zaidi. Wapo wanaosema afadhali kumtumia ndugu huyo fedha za nauli, maana huko mgeni hayuko salama: Aprili 2022 Mzimbabwe Elvis Nyathi aliuawa na kundi lililodai vitambulisho vya wageni. Hofu hiyo ina msingi. Lakini fedha hazioni chumba cha mabati ambacho ndugu amepanga uani, wala hazimsikilizi anayeishi na woga huo kila siku. Kwa hiyo mgeni aende, pasipoti mfukoni, mwenyeji ndiye apange saa za kutoka na njia za kupita. Na chakula, mgeni akigharimie mwenyewe.