Krimu ya vitamini A si ya kila mtu nyumbani

KATIKA nyumba nyingi kopo moja la krimu ya uso hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Binti anapaka kuondoa chunusi, mama anaazima kupunguza mikunjo. Krimu hiyo ikiwa na vitamini A, kuazimana kunahitaji tahadhari.

Vitamini A inasaidia kweli. Tretinoini, aina yake yenye nguvu inayoandikwa na daktari, iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kutibu chunusi. Baadaye ilibainika kuwa inapunguza pia mikunjo midogo na madoa. Huharakisha ngozi kujibadilisha, hivyo vitundu vyake havizibi kirahisi. Retinoli, iliyomo kwenye krimu nyingi za madukani, ni hafifu zaidi.

Namna ya kutumia

Hupakwa usiku, uso ukiwa safi na mkavu. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Mwanzoni ni usiku mara mbili au tatu kwa wiki, kisha huongezwa taratibu. Krimu ya kulainisha ngozi hufuata, na asubuhi hupakwa ya kukinga jua, yenye SPF 30 au zaidi.

Ngozi kukauka na kubanduka kidogo ni kawaida. Uso ukiwaka moto, apumzike siku kadhaa, maana ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa meusi, yale yale binti aliyotaka kuyaondoa. Matokeo huhitaji wiki 8 hadi 12. Mzazi amsaidie mtoto kusubiri, asije akakimbilia mkorogo.

Mjamzito aiache

Vidonge vya isotretinoini, vya jamii hiyo hiyo, husababisha kasoro kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Krimu huingia mwilini kidogo sana, lakini madaktari hushauri mjamzito na anayetafuta ujauzito waiache pia.

Kabla ya kupaka, asome maandishi ya kopo. Jina lolote lenye herufi “retin” ndani yake, au adapaleni, ni la jamii hii.

Aliyepaka kabla ya kujua ana mimba asiingiwe na hofu. Aache, kisha amweleze mhudumu wa kliniki ya wajawazito, ambaye pia atamshauri dawa ya chunusi iliyo salama kwake.